Saa tatu ya mzee, saa sita ya setilaiti

Simu ilinikuta Malaba nyumbani kwa mama, chai ya tangawizi ndiyo kwanza imemiminwa. Ilikuwa Septemba 2022, wiki chache baada ya usiku ule wa mwisho wa Julai ambapo mito Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale na kuchukua watu. Kila wilaya ya huku chini ya Mlima Elgon ilikuwa imeamka na kuanza kuulizia madaraja na kalvati zake. Aliyepiga alikuwa injinia wa wilaya moja, mtu mpole asiyepiga simu ovyo.

"Bwana Mito," ndivyo anavyoniita, "ile 74 uliyotupa 2018 uliipataje?"

Hiyo 74 ni mita za ujazo kwa sekunde: kilele cha mafuriko cha kijito kinachoteremka mlimani kuelekea Mto Malaba. Kalvati ilikuwa ichorwe kwa namba hiyo, hela zikakosekana, mchoro ukalala kabatini. Sasa hela zimeonekana na mkaguzi anataka kuona hesabu. Nikamwambia asubiri mpaka jioni. Laptopu ilikuwa ileile, folda ilikuwepo, programu ilikuwepo. Nikafungua, nikabofya, nikangoja.

52.

Nikabofya tena, labda ilipitiwa. 52.

Sitaficha nilichofanya baada ya hapo. Sikutafuta kosa. Nilitafuta namna ya kuirudisha 74. Nilichezea vigezo karibu nusu saa, hiki nikikipandisha, kile nikikishusha, nikafika 73.6, nikajiona fundi. Mama, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, akaniuliza mbona nimenuna. Nikamweleza kwamba mto niliopima zamani leo unanipa jibu jingine. "Kwani mto umehama?" akauliza. Haukuhama. Nikafunga laptopu, nikampigia injinia nikamwambia: sijui niliipataje, nipe wiki tatu.

Mimi ni mtoto wa mpakani. Kiswahili nilikiokota kwenye foleni ya matreila yaliyotoka Mombasa, na mto tuliokuwa tukioga ni huohuo ambao huku juu, ukiitwa Lwakhakha, unatenganisha Uganda na Kenya, kisha ukishaitwa Malaba unakata kuingia kwetu na kwenda bonde la Mpologoma hadi Ziwa Kyoga. Nimeuona ukiwa kamba nyembamba ya maji kati ya mawe, nikauona siku nyingine umebeba mgomba mzima na mizizi yake. Labda ndiyo sababu niliingia kazi hii ya kuutabiri kwa kompyuta.

Kwa ambaye hajawahi kuona modeli ya mto, chukua ndoo mbili, moja juu ya nyingine, zote zimetobolewa. Ya juu ni udongo wa shamba, ya chini ni maji yaliyozama ardhini. Unamimina mvua. Ndoo ya juu ikijaa, maji yanamwagika pembeni na kukimbilia mtoni. Yanayopita kwenye tundu yanaingia ya chini na kutoka polepole, ndiyo yanayofanya mto usikauke kiangazi. Ukubwa wa ndoo na upana wa matundu ndivyo vigezo. Unavirekebisha mpaka mto wa kwenye kompyuta ufanane na mto uliopimwa kwa miaka iliyopita, kisha unamimina mvua kubwa ambayo bado haijanyesha na kuuliza kilele kitafika wapi. Kuna modeli zenye ndoo maelfu, lakini ukizivua nguo utakuta ndoo.

Kufanana huko kuna alama yake, iliyopendekezwa na wataalamu wa mito Nash na Sutcliffe mwaka 1970. Ukipata 1, modeli na mto ni pacha. Ukipata 0, ungeweza tu kusema wastani ukaenda kulala. (Huyo Sutcliffe alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye hesabu za Nile, kwa hiyo tunamhesabu kama mtu wa nyumbani.) Mwaka 2018 nilipata 0.78, nikaiweka kwenye ripoti kwa herufi nzito. Alama nzuri, nani atauliza zaidi?

Wiki ya kwanza ya kutafuta ilinipa mkosaji mkuu, naye alikuwa mkono wangu.

Ramani za zamani za Uganda, zile za karatasi, zimechorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960. Setilaiti na simu zetu zinatumia mwingine, WGS84. Ukichukua namba za mahali kutoka ramani ya karatasi na kuzimwaga moja kwa moja kwenye kompyuta, mahali hapo panasogea karibu mita 300 kuelekea kaskazini au kusini, kutegemea umekosea upande gani. Mita 300 si kitu ukitafuta mji. Ukitafuta kijito, umeshatoka majini umepanda kwenye mtama wa watu. Mwaka 2018 niliona alama yangu imekaa kilimani, nikaishika kwa kipanya, nikaiburuta hadi kwenye mstari wa bluu, nikaendelea na kazi. Sikuandika popote. Folda ilibaki na alama ileile ya kilimani, na 2022 programu yenyewe ikaisukuma kwenye mto ulio karibu zaidi.

Shida ni kwamba hapo vijito viwili vinakutana. Mara ya kwanza niliitupa chini ya makutano, nikapata bonde la kilomita za mraba 96. Mara ya pili ikaangukia juu ya makutano, kilomita za mraba 71. Nilikuwa ninalinganisha mito miwili tofauti na kushangaa kwa nini haifanani! Nikapanda bodaboda hadi pale kalvati itakapowekwa, nikasimama na simu mkononi, nikasoma GPS. Ni juu ya makutano. Ile 74 haikuwahi kuwa ya kijito kile.

Ningeishia hapo kama si kwamba nilikuwa nimeshachukia. Nikaanza kupekua kila faili toka lilipoingia mkononi mwangu. Faili za mvua ndizo zilizonitoa jasho.

Karani aliyeandika mvua ya kituo kimoja aliandika kama tunavyoandika sisi: siku, mwezi, mwaka. 03/04/2011, yaani Aprili 3. Laptopu yangu ilinunuliwa ikiwa na mpangilio wa Kimarekani, ambako mwezi hutangulia. Nilipoifungua faili ndani ya Excel, ikaisoma Machi 4 bila kuniuliza. Ilipofika 13/04 ikakwama, maana hakuna mwezi wa kumi na tatu, ikaiacha ikae kama maneno ya kawaida. Na hatua yangu iliyofuata ikayatupa maneno yote na kuweka sifuri mahali pake. Kwa hiyo kwa miaka miwili ya kituo kile, siku kumi na mbili za kwanza za kila mwezi zilitawanyika kwenye miezi mingine, na kuanzia tarehe 13 hakukunyesha hata tone. Masika ya Elgon, mvua inasimama tarehe 12 kama mfanyakazi anayedai mshahara.

Na bado nilipata 0.78. Hili ndilo lililoniondolea usingizi kuliko lile la kuburuta alama. Modeli ilipewa mvua pungufu na mto uliojaa vilevile, basi ikafanya kile nilichoiamuru: ikatafuta vigezo vya kufananisha. Ikaufanya udongo kuwa mgumu kama sakafu ya saruji, mvua kidogo ikateleza yote mtoni, mambo yakalingana. Kosa la tarehe halikuonekana popote kwa sababu vigezo vilishalimeza. Kisha udongo huo wa saruji nikaumiminia mvua kubwa ya kubuni, ukanipa kilele kikubwa kupita kiasi. Niliporudisha tarehe mahali pake na kurekebisha upya, 52 ikashuka kuwa 47.

Nilidhani aibu hii ni yangu peke yangu, mtu wa mpakani mwenye laptopu ya mtumba. Lakini mwaka 2019 watafiti walitoa matokeo ya kuchunguza makala 360 za elimu ya maji zilizochapishwa mwaka 2017 kwenye majarida sita yanayoheshimika. Walijaribu kuona ni ngapi zina data, kodi (maandishi ya programu) na maelekezo ya kutosha mtu mwingine aweze kurudia na kupata jibu lilelile. Kwa makala zote za majarida hayo mwaka ule, makadirio yao yalikuwa kati ya asilimia 0.6 na 6.8. Nilisoma nikacheka peke yangu ofisini. Si furaha, ni kile kicheko cha mtu aliyekuta foleni ya wagonjwa wenzake.

Basi nikaamua kujenga upya. Kanuni yangu ya kwanza ilikuwa ya kijeshi kidogo: mkono hauruhusiwi. Chochote nilichokuwa nikifanya kwa kipanya, sasa kifanywe na skripti, yaani orodha ya amri iliyoandikwa kwa lugha ya Python, maana skripti inaweza kusomwa na kipanya hakiachi alama ya miguu. Kusogeza kituo, kubadili mfumo wa ramani, kusoma tarehe, kujaza pengo, vyote vimeandikwa. Faili zilizotoka kwa wenyewe ziliingia kwenye folda moja inayosomwa tu, hairuhusiwi kuguswa. Ukitaka kurekebisha kitu, rekebisha kwenye skripti, na useme kwa nini. Tarehe zote zikawa mwaka-mwezi-siku, 2011-04-03, ambazo hakuna kompyuta ya nchi yoyote inayoweza kuzigeuza. Kila badiliko likawekwa kwenye Git, yenye kumbukumbu ya nani alibadili nini lini. Mambo haya wenye kompyuta wanayajua zamani. Sisi watu wa mito tulikuwa tunaona ni mbwembwe.

Nilipomaliza nilijisifu wiki nzima. Kisha akaja binti wa mafunzo ya kazini kutoka Tororo, na laptopu yenye memori ya GB 4 iliyofungwa bawaba kwa gundi ya karatasi.

Nikamwambia: chukua folda hii, endesha, niambie unapata ngapi. Mimi nitakaa hapa na sitasema neno. Nikakalia mikono yangu, kweli kabisa, maana najijua.

Alikwama dakika ya saba. Skripti ilikuwa inatafuta faili kwenye njia iliyoandikwa jina langu, kwenye meza ya laptopu yangu. Akairekebisha mwenyewe. Akakwama tena: toleo lake la maktaba moja (fungu la programu saidizi) lilikuwa jipya kuliko langu na amri niliyotumia ilishaondolewa. Akavuka na hilo kwa shida. Kisha akapata ujumbe mwekundu wa mistari kumi na nne, akanigeukia. "Mwalimu, hii inasema nini?" Nikausoma mara mbili. Sikujua. Nilikuwa mwandishi wa modeli ile na ujumbe wake ulikuwa umenishinda.

Siku tatu zilizofuata hatukugusa hesabu hata moja, tuliandika ujumbe wa makosa tu. Yeye ndiye aliyekuwa akiniambia maneno, mimi nikiyatia kwenye kodi. Badala ya ile mistari kumi na nne, sasa inasema: "Faili ya mvua ina siku 17 zisizo na namba, ya kwanza ni 2011-04-13. Je, hazikunyesha au hazikusomwa? Jibu kwanza." Na haiendelei mpaka ujibu. Sifuri na kutojua ni vitu viwili, na kama ningelazimishwa kujibu swali hilo 2018 nisingekuwa naandika haya.

Tuliandika pia faili ya SOMA_KWANZA, kwa Kiswahili. Kuna wenzangu walioguna. Kiswahili cha nini, ripoti zote si ni za Kiingereza? Serikali iliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini huku mpakani hatukusubiri ridhaa ya mtu. Mafundi wanaoenda kupima mto, wale wanaoshika kamba na kuingia majini, wanaongea Kiswahili wakikutana na wenzao wa ng'ambo. Maelekezo yakiwa kwa lugha wanayofanyia kazi, watayasoma. Yakiwa kwa lugha ya ripoti, wataniita mimi.

Tatizo la toleo la maktaba lilinipeleka kwenye kontena. Kwa mtu wa Malaba hili halihitaji somo. Kontena linafungwa Mombasa, linatiwa sili, dereva hajui ndani mna nini na hana haja ya kujua. Likishuka Kampala vilivyomo ni vilevile vilivyopakiwa. Kontena la kompyuta, kama lile la Docker, linafanya hivyo kwa programu: modeli, maktaba zake zote na matoleo yaleyale yanafungwa pamoja, na laptopu yoyote inayoweza kubeba kontena italiendesha bila kuuliza. Huko Uholanzi wana mfumo uitwao eWaterCycle unaofanya hivi kwa modeli nyingi za mito, kila moja kwenye kontena lake, zote zikiamrishwa kwa maneno yaleyale: anza, songa hatua moja, nipe kina cha maji, maliza. Ukiijua moja, umeshajua kuziendesha zote, na unaweza kuzishindanisha kwenye mto mmoja. Wazo hilo la amri chache zilezile tuliliiba wazi kwa modeli yetu ya ndoo.

Lakini kontena letu lilikuwa na uzito wa GB 2 na ushee. Nilitaka ndugu yangu mmoja wa Bungoma, mtaalamu wa maji kama mimi, ajaribu kuliendesha upande wa Kenya. Kulipakua kwa bando la simu kungemla pesa ya chakula cha siku kadhaa. Tukalihifadhi kama faili moja, nikaitia kwenye flashi, nikampa dereva wa matatu ninayemfahamu. Mchana ilishafika. Wanaoandika habari za sayansi huria kutoka miji yenye nyaya za kasi hawaitaji flashi iliyofungwa kwenye karatasi ya chapati, lakini kwetu ni sehemu ya mfumo, na iko kwenye SOMA_KWANZA, kipengele cha pili.

Jioni akanitumia namba: 47.1. Yangu ilikuwa 47.1. Tulilinganisha mpaka desimali ya sita, hakuna tofauti. Nikamwagiza mama soda.

Asubuhi yake akapiga simu.

"Ndugu yangu, nikuulize. Mto wenu huko Uganda unajuaje mvua itanyesha?"

"Unasemaje?"

"Fungua mchoro wa saa kwa saa, siku yoyote yenye mafuriko. Maji yanapanda kabla ya mvua."

Nilifungua. Kweli. Mvua iliyokadiriwa na setilaiti inaanza alasiri, kama kawaida ya mlima ule, na mto umeshajaa tangu saa tano asubuhi. Siku baada ya siku. Mchoro huo nilikuwa nao miaka minne na sikuwahi kuuona, kwa sababu nilikuwa ninatazama alama ya 0.78 ambayo ilihesabiwa kwa siku nzima nzima. Yeye aliuona usiku mmoja. Kama ningemtumia ripoti, angeipongeza ripoti.

Msomaji wa kipimo cha mto ule ni mzee anayekaa hatua mia mbili kutoka mtoni. Amesoma ule ubao wenye alama za sentimita tangu nikiwa shule ya msingi. Nikamkuta anamenya mihogo. Nikamwomba daftari lake, na tukafungua pamoja siku moja ya mafuriko. Alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri wa kulala: safu ya tarehe, safu ya saa, safu ya kina. Kwenye safu ya saa, 3 na 11. 3 na 11. Ukurasa mzima, 3 na 11.

"Mzee, hii 3 ni saa ngapi?"

Akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyechelewa kusema. "Saa tatu ni saa tatu. Jua likiwa pale," akaelekeza kisu juu ya mgomba. "Na hii kumi na moja ni nikishafunga mbuzi."

Saa tatu asubuhi, saa kumi na moja jioni. Mwandishi wa data mjini alichapa 03:00 na 11:00, na kompyuta ikaelewa alfajiri na kabla ya adhuhuri. Usomaji wote wa mzee ulirudi nyuma saa sita. Wakati uleule mmoja una namba tatu: kwa mzee ni 3, kwa saa ya ofisini ni 9, na kwa setilaiti, inayofuata saa ya Greenwich iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, ni 6. Mimi, msemaji wa Kiswahili tangu tumboni, mtu ninayesema saa tatu kila siku ya Mungu, nilipita juu ya jambo hilo kwa sababu lilishakuwa ndani ya kompyuta, na ndani ya kompyuta nilikuwa ninawaza kwa Kiingereza.

Kuna mwenzake wa mvua, nalitaja haraka: kipimamvua husomwa saa tatu asubuhi, kwa hiyo maji yaliyomo mengi ni ya jana alasiri na usiku. Vituo vingine huyaandika siku ya kusoma, vingine siku ya kunyesha. Uliza kila kituo. Usidhani.

Kurekebisha saa kulibadili modeli kuliko nilivyotarajia. Ili kuuridhisha mto unaojaa kabla ya mvua, ilikuwa imeyafanya maji yakimbie kutoka mlimani kwa kasi isiyo ya dunia hii, na maji ya bonde zima yakifika pamoja, kilele kinakuwa kirefu. Ulipopewa saa za kweli, mto ukajibu mvua kwa utulivu, maji yakafika kwa mafungu. Kilele kikawa 44. Safari hii sikutoa namba tupu. Tuliiendesha mara elfu kwa vigezo mbalimbali vinavyokubalika, na nyingi zikaangukia kati ya 36 na 61.

Nikampelekea injinia. Alikunja uso. "Kwa hiyo kutoka 74 tumefika 44, na hata 44 yenyewe huna uhakika nayo."

"Nina uhakika wa 36 mpaka 61. Chora kwa 61."

"Ile 74 ingetulinda zaidi."

Ingemlinda, kweli. Kosa langu liliangukia upande salama, na lingeweza kuangukia mwingine. Tena kalvati kubwa kupita haja inakula saruji ya kalvati nyingine, na wilaya yake ina vijito vingi na fungu moja. Hatukubishana sana. Alichotaka hasa ni kitu cha kuendesha mwenyewe, bila kunipigia simu kila mkaguzi anapokuja.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba urahisi nao una meno. Toleo la kwanza nililomtengenezea lilikuwa na kitufe kimoja: weka mahali, bonyeza, pata namba. Siku ya pili alikuwa ameliuliza kuhusu bwawa la samaki, siku ya tatu kuhusu Mto Malaba wenyewe pale darajani, na lilimjibu yote kwa desimali mbili bila haya. Modeli ya ndoo mbili iliyofunzwa kwenye kijito haina la kusema kuhusu mto mzima. Sasa linakataa. Ukiweka bonde kubwa kuliko lile tulilolifunzia linasema kwa nini halitajibu, na likijibu haliwezi kutoa namba moja. Linatoa tatu, ya chini, ya kati, ya juu, pamoja na tarehe ya data na toleo la modeli chini yake. Injinia alilalamika kwamba limekuwa gumu. Nikamwambia limekuwa gumu pale tu panapostahili. Kwenye mambo mengine ni jepesi: halihitaji intaneti, linafanya kazi kwenye kompyuta ya ofisi yake ambayo ni mzee kuliko binti wa mafunzo, na umeme ukikatika katikati linaanza lilipoishia.

Kwa mzee nilirudi mwezi uliofuata. Aliniuliza kama sasa aandike 3 au 9, maana alisikia amewasumbua watu wa kompyuta. Nikamwambia aandike kama alivyoandika siku zote. Kugeuza ni kazi yetu. Kwenye faili safu ile sasa inaitwa saa_ya_kiswahili, na skripti ndiyo inayoongeza sita. Akafurahi, akanipa mihogo.

Binti alimaliza mafunzo Desemba. Kabla hajaondoka nilimwomba aendeshe kila kitu mara ya mwisho kutoka kwao Tororo, kwenye kompyuta ya kaka yake ambayo mimi sijawahi kuiona, mimi nikiwa Mbale na simu imezimwa kwa makusudi. Nilipoiwasha jioni nilikuta ujumbe wake.

"Mwalimu, imetoka 44.2 kama yako. Ila SOMA_KWANZA kipengele cha tano kinasema mvua inaanza 1998 na faili inaanza 1999. Mmoja kati yenu ni mwongo."

Nilikuwa mimi. Nimerekebisha.